Shebughe na Dua ya Kileleni

Mlima uliopandwa kwa gia haushukwi kwa dua. Mmeisoma nyuma ya lori mkacheka, mkadhani ni maneno ya madereva wasio na kazi. Haya, kaeni niwaambie methali hii ilikoanzia, maana waliokufa nawajua.

Huku kwetu Usambara, lori la kabichi lilikuwa la Shebughe. Alikuwa mtu mwema, hilo silipingi. Wachuuzi wanawake aliwapakia juu ya mzigo wao, na kila akifika kileleni alisimama, akainua mikono na kuomba dua, nao huko juu wakaitikia amina. Kisha aliondoa gia, akaliacha lori lishuke kwa uzito wake, mguu juu ya breki njia nzima, ili abane dizeli. Fundi alimwonya kwamba breki zikikanyagwa muda mrefu huchemka na kuisha nguvu, na kwamba gari zito hushushwa kwa gia ile ile liliyopandia. Shebughe akamjibu kwamba ameshuka miaka yote hajapata hata mkwaruzo. Kunusurika akakuita ujuzi.

Siku hiyo mvua ilikuwa imelowesha mzigo, na lori lilijazwa kupita kiasi. Mkewe, Saumu, alikaa naye mbele; mama yake Saumu alikuwa juu pamoja na wachuuzi wenzake. Dua ikaombwa, amina ikaitikiwa, gia ikatolewa.

Walipokata kona ya pili, Saumu alisikia harufu ya kuungua.

"Baba Rehema, weka gia."

"Tumeshaomba, mama Rehema. Tulia."

Hawakufika mbali, breki ikazama mpaka chini bila kushika. Ndipo akaikimbilia gia, nayo ikasaga meno ikakataa kuingia, kwa kuwa lori lilishachukua kasi. Kona iliyofuata hawakuikata. Lori lilitumbukia korongoni, kabichi na watu pamoja. Shebughe alikufa ameshika usukani. Mama yake Saumu na wenzake walifukuliwa chini ya mzigo, na hakuna aliyekuwa na pumzi. Saumu peke yake alitolewa hai, mguu umevunjika.

Matangani kila aliyekuja alisema ni kadari. Sheikhe naye akaanza hivyo hivyo, na Saumu akamjibu kutoka chumbani alikokalia eda.

"Kadari naikubali, sheikhe. Ila msimsingizie Mungu. Mlima tuliupanda kwa gia, tukataka kuushuka kwa dua."

Sheikhe aliinamisha kichwa. Mimi inaniuma mpaka leo, kwa sababu gia ilikuwepo, karibu na mkono wa Shebughe.

Tangu hapo, lori likifika kileleni dereva huomba kama zamani. Lakini wanawake wa kabichi hunyamaza kimya, wakisikiliza, na hakuna anayeitikia amina mpaka asikie gia imeingia. Wao hawahitaji kuelezwa kwamba mlima uliopandwa kwa gia haushukwi kwa dua.