Mwaka Bonde Zima Lilipojifungua

Niitikieni!
— Twaitika!
Uongo uje?
— Uje umevaa viatu!
Na ukweli?
— Uje nyuma, umebeba mizigo!

Haya. Ngano hii nimeisimulia katika nchi sita. Katika nchi tano waliniuliza maana yake. Katika ya sita walikuwa wamelala. Nyinyi kaeni macho.

Hapo kale palikuwa na bonde, na bondeni kisima kimoja tu. Akaja Kifaru kutoka ng'ambo ya milima, ti! ti! ti!, akakikalia.

"Kisima changu," akasema. "Anayetaka kunywa alete kwanza mzigo wa majani mabichi. Na wanyama zaidi ya watatu wasikutane bila ruhusa yangu!"

Madume wa bonde wakatazamana. Tembo akakohoa. Nyati akakohoa. Simba akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha wakaenda kukata majani.

Bondeni alikuwako mkunga, Bi Pimbi, mjane, kimo hakifiki goti la Kifaru, mkia hana. Kila aliyezaliwa bondeni alipokewa na mikono yake. Basi siku moja Bi Swala, mzazi wa siku tatu, akaanguka njiani kwa kiu, mzigo wa majani umemshinda. Bi Pimbi akambeba mtoto wa Swala mgongoni, akaenda kisimani.

"Bwana Mkubwa, mzazi anakufa kwa kiu. Na maji ni ya bonde."

Kifaru akacheka, mashavu yakamtikisika. "Hiyo siasa, Bi Mkunga. Siasa ni za madume. Wewe nenda kakande wazazi."

"Haya, Bwana. Nitakwenda kukanda."

Akaenda. Na tangu siku hiyo, jamani, bonde likaanza kuzaa.

Kifaru alikuwa na ndege wake, yule wa kumdonoa kupe mgongoni, ambaye pia alimletea habari. Ndege akaja mbio, pu-pu-pu!

"Bwana! Wanawake hamsini wako nyumbani kwa Bi Swala!"

"Wanafanya nini?"

"Wanamtazama mzazi. Wamebeba uji wa pilipili manga."

"Ah, mzazi! Mila haikatazwi."

Kesho yake, wanawake sitini kwa Bi Ngiri. Mzazi. Keshokutwa, themanini kwa Bi Tembo. Mzazi. Wiki ya pili, kwa Bi Tembo tena.

"Si alijifungua juzi?" akauliza Kifaru.

"Amejifungua tena, Bwana."

"Mimba ya Tembo si karibu miaka miwili?"

"Hata mimi nilisikia hivyo."

Kifaru akakuna pembe mtini, kwaru, kwaru, kwaru. Hakuelewa.

"Na leo?"

"Leo kwa Fisi."

"Mkewe amezaa?"

"Hana mke, Bwana. Amezaa mwenyewe."

Kwaru, kwaru, kwaru. Hakuelewa kabisa. Ndege akaongeza: "Na kila anayeingia ana kijiwe mkononi. Akitoka, hana."

"Vijiwe vya nini?"

"Wanasema vya kumkandia mzazi."

Kifaru akatazama vizazi vyote hivyo, akatazama bonde: watoto hawaonekani! Akataka kumuuliza mkewe, aliyekuwa na tumbo la kumaliza mwezi. Mkewe hayupo nyumbani. Basi kesho yake, waliporudi tena kwa Bi Tembo, akainuka mwenyewe, ti! ti! ti!, kwenda huko kutawanya mkutano, ikiwa ni mkutano.

Bi Pimbi akampokea mlangoni. "Karibu, Bwana Mkubwa! Shoga zangu, pisheni! Bwana amekuja kumwona mtoto!"

Vigelegele! Kifaru alifungua kinywa atoe amri, kikajazwa uji. Akageuka atoke, akakalishwa mkekani. Kufumba na kufumbua, kapakatishwa kifurushi cha nguo. Na macho ya Kifaru mnayajua, hayavuki pembe yake.

"Mzito huyu," akanung'unika.

"Kamfuata babake."

"Wa baridi."

"Kazaliwa na manyunyu ya asubuhi."

"Mbona halii?"

"Anakuogopa, Bwana. Kama sisi sote."

Hilo likampendeza. Bi Pimbi akakohoa kidogo. "Sasa, Bwana, mila. Aliyempakata mtoto humpa tunu, na tunu hairudi."

Jasho likamtoka Kifaru. Atoe nini? Majani? Anayapenda mno. Akawaza, akawazua. Kitoto hiki kinakunywa nini? Matone mawili!

"Nampa maji ya kisima. Anywe atakavyo."

"Siku zake zote?"

"Zote."

"Bila mzigo wa majani?"

"Kitoto kitabebaje majani, mwanamke wee? Bila!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Bi Pimbi akavuta fundo. Chwaaa! Vijiwe vikamwagika mkekani, mamia kwa mamia.

"Huyu Swala. Huyu Ngiri. Huyu Nungunungu. Kila aliyekubali kwamba bonde ni letu ameweka kijiwe chake. Ndiye mtoto wetu huyu, Bwana, na umempakata mwenyewe."

Kifaru akapumua fyuuu! Akainua mguu amsage Bi Pimbi awe unga. Jiwe moja kubwa likaviringika likamgusa kidole.

"Na hili la nani?"

"Langu," ikajibu sauti kutoka nyuma. Bi Kifaru.

"Mke wangu! Hata wewe?"

"Mimi nazaa mwezi huu, mume wangu. Mkanyage mkunga, kisha unizalishe wewe. Unajua kitovu hukatwa wapi?"

Mguu uko juu. Kifaru akafikiri. Hakujua. Akaushusha polepole, kama mtu anayeshusha yai.

Jioni hiyo Bi Swala alikunywa mpaka tumbo likalia bwi. Madume nao wakaunda baraza, wakapongezana kwa walivyopigana. Wakamwambia Bi Pimbi alete uji. Akauleta, akautua, akapanda kiti cha mwenyekiti, akakaa.

"Nani amekuweka hapo?" akang'aka Tembo.

"Wewe ulipotoka tumboni, nani alikudaka?"

Tembo akatafuta kiti kingine.

Fundisho la ngano hii li wazi: siasa ni za madume, mwanamke aachiwe uzazi tu. Kifaru alilishika fundisho hilo kwa moyo wote, nanyi mwamwona alikofika: ni wa mwisho kwenye foleni ya maji.

Ngano nimeiacha kisimani. Mwenye kiu akainywe, aliyeshiba apishe njia.