Mwizi Aliyehamia Ghorofani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, zamani ile ambayo Fisi bado alikuwa anaaminiwa kupeleka habari, palikuwa na mji wa wanyama, na ndani yake mtaa mkongwe ukiitwa Makutini. Sogeeni karibu. Na wewe, acha kumfinya mwenzio!

Makutini mlango haukufungwa mchana. Ukitaka ungo, unaingia kwa jirani unauchukua. Hayupo? Unauchukua vilevile, akiuhitaji atakuja kuufuata. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyelalamika.

Lakini Bwana Kiboko, tajiri wa ujenzi, alikuwa akiubomoa mji na kuujenga upya. Ng'ambo ya barabara alikwisha simamisha ghorofa. Sasa alikitaka kiwanja cha Makutini, na wenyewe hawakutaka kuuza.

Asubuhi moja Fisi, mpiga mbiu wake, akapita akigonga debe. "Ndu! Ndu! Ndu! Jihadharini! Mwizi kaingia Makutini! Bwana Kiboko kamwona kwa macho yake mawili! Ana makucha kama majembe! Fungeni milango!"

Wa kwanza kufunga alikuwa Bi Kalunguyeye. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mwenye watoto wanne, na nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe. Alipiga komeo, akasogeza na meza mlangoni. Kisha akageuka kutafuta mchi wake wa kutwangia.

"Uwii! Mchi wangu! Nimeibiwa!"

Kilio kile kikawaamsha wengine. Huyu haoni chungu, yule haoni jamvi. "Kumbe ni kweli!" wakasema, na kila mmoja akajifungia ndani na vyake alivyobaki navyo.

Tangu hapo Bi Kalunguyeye hakuwa na raha. Upepo ukitikisa bati, moyo wake pu! pu! pu! Watoto hawakutoka kucheza. Mchana kutwa alikaa jicho kwenye tundu la mlango, akiwachungulia majirani aliozeeka nao. "Ni nani kati yao?" alijiuliza. Mimi hofu ya namna hiyo siipendi hata kidogo, watoto wangu. Inakula urafiki kimyakimya.

Ndipo Bwana Kiboko akaja, sauti tamu kama uji wa sukari.

"Pole, Bi Kalunguyeye. Mjane, watoto wadogo, na mtaa umeharibika hivi! Niletee ufunguo wako Ijumaa asubuhi pale ghorofani, nitakapokuwa na wageni wangu. Nitakupa kibanda kizuri nje ya mji."

Katika mji ule, ukishamkabidhi mtu ufunguo mbele ya watu, nyumba imekwenda, hairudi. Bi Kalunguyeye alilijua hilo. Akatazama watoto wake wanne. "Nitakuja," akasema, na mlango ulipofungwa akakaa chini akalia.

Alhamisi mchana mlango ukagongwa. "Hodi! Hodi humu ndani!"

Bi Kalunguyeye akawakusanya watoto uvunguni, miiba imemsimama mwili mzima. "Shii! Ndiye huyo!"

"Hodi jamani!" Kimya. Aliyekuja akaondoka zake.

Mara, chaka-chaka-chaka! Kitu kikashuka darini. Bi Kalunguyeye nusura azimie. Kumbe ni Kindi, jirani yake anayeishi juu ya paa, mwepesi wa miguu na wa maneno.

"Bibi, mbona humwitikii jirani yako Bi Fuko?"

"Najuaje kama ni yeye? Mwizi huyo!"

"Mwizi gani anayebisha hodi na mchi wako kwapani?"

"Mchi wangu?"

"Aliuazima kabla ya zile kelele za debe. Kila siku anakuja kuurudisha, na wewe unamfungia. Na huo ungo ukutani kwako ni wa nani?"

Bi Kalunguyeye akageuka. Ungo ulikuwa wa Bi Fuko! Na kwa Bi Fuko wameweka matanga, wanalia kuwa wameibiwa ungo. Aibu ilimshuka. Akasukuma meza, akafungua komeo, akamkimbilia rafiki yake, wakakumbatiana palepale barabarani.

"Kwa hiyo hakuna mwizi!" akasema Bi Kalunguyeye. "Twende tukawaambie wengine!"

Wakapita mlango kwa mlango. Hodi! Hodi! Nani afungue? Ndani walisikia tu minong'ono: "Nyamaza, ndio wenyewe! Wamekuwa wawili sasa!"

"Mtachoka bure," Kindi akawaambia. "Aliyewatisha ndiye watakayemwamini. Ni lazima aseme kwa mdomo wake. Kesho, Bibi, nenda na ufunguo wako kama ulivyoahidi. Ukisikia kishindo, usikimbie. Muulize tu Kiboko swali moja."

"Na asipojibu? Nikitetemeka nikaukabidhi ufunguo?"

Kindi akakuna sikio. "Hapo tutakuwa tumekwisha," akasema.

Ijumaa ikafika. Mbele ya ghorofa walisimama wageni wa Kiboko waliokuja kununua vyumba: Tembo, Nyati na Twiga. Watu wa Makutini, ambao nao Kiboko aliwaahidi vibanda, wamepanga mstari, ufunguo mkononi, na wa mbele kabisa ni Bi Kalunguyeye.

"Haya, lete," akasema Kiboko, akinyoosha mkono.

Ghafla, kololo! kololo! kololo! Pwaa! Debe likabingirika ngazi zote za ghorofa.

"Mama yangu wee!" Nyati akaruka, akajificha nyuma ya Twiga.

Kichwa cha Kindi kikatokeza dirishani juu. "Jamani! Mwizi kahama Makutini! Kahamia huku ghorofani! Mwenye makucha kama majembe, yuleyule aliyeonwa na Bwana Kiboko!"

"Kiboko!" Tembo akanguruma. "Ndiyo nyumba unayotuuzia hii?"

"Ah! Upepo tu, wakubwa, upepo..."

Bi Kalunguyeye alitaka kukimbia. Miguu ilikwisha geuka. Lakini akaubana ufunguo kifuani, akasema, sauti ikikatika: "Bwana Kiboko, ulimwona au hukumwona? Kama ulimwona, wageni wako wajue anakaa wapi sasa. Kama hukumwona, na sisi tujue."

Kiboko akatoa jasho. Akamtazama Bi Kalunguyeye, akamtazama Tembo, ambaye tayari alikuwa amempa kisogo.

"Ngojeni! Rudini, wakubwa! Hakuna mwizi! Sijaona mwizi mimi! Nilimtuma Fisi atangaze ili hawa waogope, waniachie kiwanja!"

Fisi akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kisha mbio, vuu!

"Kama umewadanganya majirani zako, sisi utatubakiza?" akasema Tembo. Akaondoka, na Nyati na Twiga nyuma yake. Hawakununua hata chumba kimoja.

Watu wa Makutini wakatazamana, wakaona haya. Bi Kalunguyeye akatia ufunguo mfukoni, akafuta machozi, akavuka barabara kwenda kuwapikia wanawe.

Hadithi yangu imefika hapo, nanyi shikeni hili moja: mtu akija kukutisha, kwanza muulize anataka nini chako.