Ufito wa Ngisi Kwenye Matope ya Chumvi

Asemaye kidogo si kwamba hana la kusema. Huenda bado anapima. Mtu wa namna hiyo akivunja kimya chake husikika mbali, na ndiyo maana wahenga wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Glenys Tregenza wa Wallaroo, mji wa pwani ulio mbali kabisa na Ulaya, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa mtu wa aina hiyo. Kwa majira matatu ya baridi alishuka peke yake kwenye matope ya chumvi ufukweni, akasimamisha ufito wa kuvulia ngisi wenye urefu wa mita kumi, umefungwa waya kutoka chini hadi nchani. Hiyo ndiyo ilikuwa antena yake; aliamini kwamba ardhi yenye maji ya chumvi husukuma mawimbi ya redio mbali. Kila alichopima alikiandika daftarini.

Sasa chama cha redio cha mji kilitaka kujenga kibanda chake, na Jumapili kingepiga kura: kijengwe matopeni, au kilimani alikosimamisha mlingoti wake mwenyekiti, Kelvin Pascoe. Kilima kikishinda, kazi ya Glenys ya miaka mitatu ingekwenda na maji.

"Glen, mwenzangu," Kelvin alimtania mbele ya wanachama, "kule chini utanasa ngisi, si Ulaya!"

Watu wakaangua kicheko.

"Basi tupime," alisema Glenys.

Vikaletwa visanduku viwili vya kurusha ishara, kila kimoja kwa nguvu ya moja ya tano ya wati, isiyotosha kuwasha hata balbu ya tochi. Kimoja kikaunganishwa kilimani, kingine matopeni. Tangu Ijumaa adhuhuri vikawa vinarusha kila baada ya dakika kumi, na wapokeaji wa nchi mbalimbali, kila walipovinasa, waliandika taarifa mtandaoni.

Kufikia Jumamosi adhuhuri, matope yalikuwa yanaongoza kwa idadi ya taarifa.

"Umemchapa, Glen!" Lorna, katibu wa chama, alipiga makofi. "Yameisha. Twende tukale pai."

"Bado. Huenda kisanduku changu ndicho chenye nguvu zaidi. Tuvibadilishane."

"Una wazimu wewe? Na kama kweli ni kisanduku?"

"Basi sijashinda."

Glenys alipanda kilima na kisanduku kilichompa ushindi, akamkabidhi Kelvin kwa mkono wake mwenyewe. Kelvin alikipokea bila mzaha wowote.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Kelvin alisoma taarifa moja baada ya nyingine. Visanduku vilikuwa vimebadilishwa, lakini matope yalikuwa juu vilevile. Mara akasita, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Penzance," alisema polepole. "Leo alfajiri. Cornwall wametusikia."

"Kutoka kilimani?" aliuliza Lorna.

"Kutoka matopeni. Kilima hawakukisikia."

Huko Cornwall, pembe ya Ulaya uliko mji wa Penzance, ndiko walikotoka mababu wa nusu ya waliokuwamo, wachimba shaba waliosafiri baharini kwa miezi mingi na wasirudi tena.

Kelvin akawa wa kwanza kuinua mkono. "Kura yangu ni ya matope. Nanyi inueni, msinitolee macho kama ngisi!"

Mikono yote ikapanda. Glenys, shingo imenyooka kama ule ufito wake, alifungua daftari akaandika "Penzance", akikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Moja ya tano ya wati na mwanamke asiyepayuka vilikuwa vimeamkia Cornwall: hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.