Magongo ya Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana huyo wa nyuma hakuitika!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa majirani wa kuombana chumvi, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Kijiji kile kililima ndizi. Migomba ilizaa mikungu mizito mpaka ikainama, na kila mgomba ulioinama ulitegemezwa kwa mti wenye panda ili usianguke. Ukisimama mlangoni kwako unaona migomba, na chini ya migomba unaona miti ya panda, mamia kwa mamia.

Katika kijiji hicho aliishi Mwajabu na binti yake Kidawa. Kidawa alizaliwa na miguu isiyobeba mwili. Baba yake alimchongea magongo mawili ya mninga, yenye panda ya kuingia kwapani, na Mwajabu akazifunga panda zile kwa vitambaa vya kanga kuukuu zisimchubue. Kwa magongo hayo Kidawa alikwenda kisimani, alikwenda shambani, alikwenda kugombana na wenzake na kurudi mwenyewe.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Zamani wanaume wawili walitwangana fimbo barazani kwa Jumbe wakigombea mpaka wa shamba. Tangu siku hiyo ikawa kila anayeingia huacha fimbo yake ukutani. Fimbo nje, maneno ndani.

Asubuhi moja Jumbe akapiga ngoma. Mto ulikuwa umebadilika rangi. Watu wakaja mbio, na Mwajabu naye akaja, mtoto wake mchanga mgongoni, Kidawa ubavuni. Mlangoni Jogoo, bawabu wa Jumbe, akatandaza mbawa.

"Fimbo nje, maneno ndani!"

"Hizi si fimbo, kaka Jogoo," alisema Kidawa.

"Ndefu kama fimbo, zimechongwa kama fimbo. Nje!"

Mtoto alikuwa analia, watu nyuma wanasukuma. Mwajabu alichoka kubishana hata kabla hajaanza. "Yaache, mwanangu. Tunatoka sasa hivi."

Kidawa akayaegemeza ukutani, akaingia kwa kutambaa.

Jumbe hakusema mengi. "Maji yanakuja. Wanaume wameshatangulia mlimani kujenga vibanda. Kabla jua halijazama, asibaki mtu bondeni."

Watu wakatoka kwa vurugu, kila mtu akinyakua fimbo yake. Mwajabu alipofika ukutani, ukuta ulikuwa mtupu.

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama binti yake aliyekaa kizingitini. Kidawa hakuwa tena mtoto wa kubebwa, na njia ya mlimani ilikuwa kali kama ukuta. Watoto wawili, mgongo mmoja.

"Mshike mdogo wako," alisema. "Usiondoke hapa."

"Niondoke na nini, mama?"

Mwajabu akakimbia. Akamkuta Bata akichambua manyoya.

"Bata, Bata, miguu ya mwanangu iko wapi?"

"Miguu? Mimi maji yakija naelea tu, Mama Kidawa. Kwani mwanao haelei?"

Mwajabu akakimbia. Akamkuta Kobe akila majani, hana haraka.

"Kobe, Kobe, miguu ya mwanangu iko wapi?"

"Mimi nyumba yangu ninayo mgongoni. Nikiona mambo mazito najifungia ndani. Mwanao hana gamba?"

"Hana!"

"Lo! Mtafutie gamba."

Mwajabu akakimbia. Akamkuta Nyani shambani kwake, amekaa chini ya mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote kijijini.

"Nyani, Nyani, miguu ya mwanangu iko wapi?"

Nyani akajishika kichwa. "Wameyaiba magongo? Ya mtoto? Watu wengine hawana utu kabisa! Pole, Mama Kidawa, pole sana. Mimi mwenyewe nitapanda mti, lakini moyo wangu uko nawe."

Mwajabu hakuwa na nafasi ya moyo wa Nyani. Upepo ulikuwa umeanza. Kutoka mtoni ilisikika sauti kama ya watu wengi wanaoongea mbali. Na hapo, akitazama mashamba, ndipo likamjia wazo lililomwongezea hofu: gongo ni mti wenye panda, na bonde zima limejaa miti yenye panda. Mwizi hakuhitaji kuyaficha. Alihitaji kuyasimamisha tu.

Akaanza kupapasa mti mmoja baada ya mwingine. Huu una magome. Huu nao una magome. Huu nao. Yote ilikuwa na matope, yote imefanana. "Mama Kidawa, unaniangushia ndizi!" jirani alipiga kelele huku akipita na vyungu vyake kichwani, wala hakusimama. Njia ilikuwa inabaki tupu.

Mara mvua ikamwagika. Mwajabu akasimama katikati ya migomba, maji yakimtiririka usoni, hajui aendelee kutafuta magongo au arudi kwa watoto. Alikuwa amekwishageuka arudi alipoona kitu shambani kwa Nyani. Matope yalikuwa yanateremka kwenye miti miwili iliyoshikilia ule mkungu mkubwa. Chini ya matope hapakuwa na magome. Palikuwa na mti laini, mweusi kwa jasho la mikono.

"Bwana Nyani," alimwambia Nyani, aliyekuwa bado amekaa chini ya mgomba wake, "hii umeikata msitu gani?"

"Msitu wa... huko juu."

"Ni magongo ya mwanangu."

"Ah, Mama Kidawa! Mimi nilikuta miti miwili ukutani, haina mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa ndani."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Na vitambaa ulivyovifungua? Na matope uliyoyapaka?"

Nyani akakuna kwapa, akatazama kando. "Basi ngoja nitafute mti mwingine kwanza. Ukiing'oa hii, mkungu utaanguka!"

Mwajabu aling'oa gongo la kwanza. Mgomba ukalia. Aling'oa la pili. Mgomba ukaanguka chini, puu! Alikuwa ameshafika njiani Nyani alipoanza kuomboleza ndizi zake.

Kwa Jumbe maji yalikuwa yamepita kizingiti. Kidawa alikuwa amekaa palepale, maji kifuani, amemwinua mdogo wake juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alimkabidhi mama yake mtoto, akashika magongo, akasimama. Kisha akatangulia, akichoma gongo kwenye maji ya matope kupima kina.

"Mama, kanyaga ninapokanyaga. Hapo pana shimo."

Wakapanda hivyo mpaka juu.

Kesho yake, huko mlimani, watu waliketi kuamua shauri la Nyani. Jumbe alisema kwanza: "Gongo la mtu ni mguu wake, na mguu haubaki mlangoni. Jogoo, umesikia? Na mwingine yeyote akiyaona magongo mikononi mwa asiye mwenyewe, apige kelele hapo hapo, asingoje kuulizwa."

"Na huyu?" watu waliuliza. "Alipe ndizi!"

"Ndizi zimekwenda na maji," alisema Mwajabu. "Akae chini. Tangu sasa mpaka jua lizame, asisimame. Akitaka kitu, aombe."

Nyani akacheka. Kukaa tu! Akajinyoosha juani. Jua likapanda, koo likamkauka, na mtungi wa maji ulikuwa pale, hatua chache tu.

"Bata, nisogezee maji."

"Ngoja kidogo," alisema Bata, akaenda zake.

"Kobe, nisogezee maji."

"Ngoja kidogo," alisema Kobe, na kidogo ya Kobe mnaijua.

Kidawa akapita, ko, ko, ko, juu ya mawe.

"Binti yangu mzuri, nisogezee maji, nakufa."

Kidawa akasimama. Akamtazama, akaitazama miguu yake mizima iliyokunjwa chini yake.

"Ngoja kidogo," alisema, akapita.

Mwajabu alikuwa juu ya kibanda, akifunga fito, na alisikia kila neno. Alijua mama mwema angemkanya mwanawe. Akachukua kamba nyingine, akaendelea kufunga.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, kalaleni.