Shibli Ahama kwa Mama

Mwaka ule mvua ilikataa kunyesha, mito ikakauka, wanyama wakawa wanalamba mawe. Lakini katika jumba la Simba, mfalme wa nyika, mwanawe Shibli aliendelea kulishwa nyama iliyokwisha kutolewa mifupa. Nyani walimchana manyoya asubuhi na jioni. Jua likichoma sana, mama yake alimwita ndani.

Shibli alikuwa ameshaota manyoya ya shingoni, na mambo hayo yalimtia haya.

"Mama, nataka kujitegemea," alisema siku moja.

"Maliza kwanza maziwa yako," mama akamjibu.

Fisi, aliyekuwa nje akingojea makombo, aliyasikia hayo. Akamnong'oneza Shibli dirishani, "Bwana mdogo, ng'ambo ya vilima kuna nchi haina mtawala. Twende ukajitawale. Mimi nitakuwa waziri wako."

Wakatoroka walinzi wakiwa wamesinzia. Shibli alichoka kabla ya kilima cha kwanza, akapanda mgongoni kwa waziri wake.

Nchi ile ilikuwa na kisima kimoja tu chenye maji. Fisi akamwingiza Shibli pangoni. "Mtawala hajionyeshi ovyo," alimwambia. "Wala hawindi. Wewe pumzika, nitakuletea kila kitu." Shibli akaufurahia sana uhuru wake, akalala.

Fisi akaenda kukaa kisimani. Kila aliyekuja kunywa aliambiwa, "Kwa amri ya Shibli mwana wa Simba, acha mtoto mmoja, kisha unywe." Watoto wakafungiwa katika boma la miiba. Kila jioni Fisi alichagua mmoja, akala akashiba, akampelekea bwana wake mnofu kidogo.

Sungura alikuwa na watoto wengi na kiu kali. Hakwenda kisimani, alikwenda pangoni.

"Wewe ndiye Shibli anayejitawala?"

"Ndiye mimi," Shibli akajibu kwa maringo.

"Tangu uje umetembea wapi?"

"Waziri hajaniruhusu kutoka."

"Na nyama ya jana ilikuwaje?"

"Laini sana."

"Alikuwa mtoto wa Bi Swala, jirani yangu. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Ameliwa kwa amri yako."

"Mimi sijatoa amri yoyote."

"Hukutoa, ndiyo maana Fisi amekutolea."

Shibli alitapika. Kisha akatoka nje, akijikwaa, manyoya yamemsimama ovyo. Sungura akatangulia mbio hadi kisimani, wanyama walikojaa.

"Bwana Waziri," akauliza kwa unyenyekevu, "anayekaidi amri ya Shibli hufanywaje?"

"Nyati amkanyage hapa hapa," Fisi akasema kwa sauti kubwa, wote wasikie.

Ndipo Shibli akafika. "Naamuru watoto wafunguliwe."

Fisi akacheka. "Simjui mchafu huyu. Bwana wangu yumo pangoni."

"Basi tukamwone," Sungura akasema.

Twiga, mwenye shingo ya kuchungulia, akaenda akaingiza kichwa pangoni. "Hamna mtu," akatangaza. "Kuna kitanda cha majani na mnofu uliobaki."

Fisi akakimbilia mlango wa boma kuuziba, maana chakula chake cha jioni kilikuwa mle. Nyati akamtazama Shibli, akamtazama Fisi, akakumbuka amri. Alimkanyaga kiuno. Fisi akajiburura hadi vichakani, na tangu siku hiyo hutembea amejipinda.

Watoto wakatoka wakiwatafuta mama zao. Bi Swala naye alisimama akitazama mlangoni hadi wa mwisho alipotoka. Shibli akamsogelea, akingojea labda ashukuriwe.

Bi Swala akamtazama tumbo. "Umenenepa," akasema, akaenda zake.

Shibli alitaka kunywa maji, akapita mbele kama alivyozoea. Ngiri akamwambia bila kugeuka, "Foleni inaanzia kule nyuma."

Mwana wa Simba akaenda nyuma kabisa, baada ya nguchiro. Hapakuwa na mtu wa kumshikia nafasi, akasimama mwenyewe.