Mguu Uliokataa Dawa ya Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Ghalibu wa Mwangani, aliyepona tumbo, na tangu siku ile mji wake mzima ukaanza kuugua.

Ilikuwa hivi. Tumbo la Sultani lilimkamata, likamsokota, akagaagaa kitandani akiusia watoto. Mfanyabiashara mmoja mgeni akamuuzia unga wa lulu, kijiko kimoja, akoroge na maji anywe. Akanywa. Akalala. Kulipokucha, mzima kama jogoo! Alipoinuka tu kitandani akatoa amri, ikaitwa Mwongozo wa Tiba. Na mwongozo wenyewe ulikuwa mfupi: mgonjwa yeyote, ugonjwa wowote, katika nyumba zote za tiba za nchi, anywe unga wa lulu. Kwisha. Atakayetibu vingine, kifungoni.

Lulu hailimwi kama mihogo, jamani. Hazina yote ikaelekea huko. Dawa za homa hazikununuliwa tena, wala vitambaa vya kufungia vidonda. Matabibu waliliona hilo, lakini nani amwambie?

Sasa, palikuwa na mwanamke msusi wa ukili wa mikeka, Bi Mize, mwenye ulimi ambao hata mumewe, Mzee Vuai, aliuogopa na kuupenda kwa pamoja. Siku moja Mzee Vuai alikuwa juu akiezeka paa la jirani. Akateleza. Mguu ukavunjika. Akapelekwa nyumba ya tiba, akapewa kijiko cha lulu, akaambiwa nenda nyumbani. Usiku kucha mzee analia kama mtoto. Bi Mize hakuvumilia. Akachukua vipande vya mianzi, akaunyoosha ule mguu, akaufunga kwa kanga yake. Habari zikafika kwa askari, na Bi Mize akafikishwa barazani.

Sultani akamtazama. "Wewe ndiye uliyeikataa dawa yangu?"

"Mimi, Bwana? Mume wangu aliinywa yote, akalamba na kijiko. Mguu ndio uliokataa."

"Na kwa nini uliufunga? Mwongozo wangu hausemi kufunga!"

"Mguu haujui kusoma, Bwana."

Baraza zima likainamisha nyuso, mabega yanatikisika. Sultani akaliona, likamuuma.

"Nisikilize, mwanamke. Nilikuwa nakufa. Nikanywa lulu. Nikapona. Unabisha?"

"Nani abishe? Uko mbele yetu, tena umenawiri. Ila naomba kuuliza: siku ile ulikula nini?"

"Sikula kitu. Hata harufu ya pilau ilinitapisha."

"Na usiku wa kuamkia maradhi?"

Sultani akaangalia dari. Mpishi wake, kule nyuma, akakohoa.

"Mbuzi," akasema Sultani.

"Kipande cha mbuzi?"

"Nimesema mbuzi."

"Basi Bwana, hapo ndipo ninapopotea mimi. Sijui kama umeponywa na lulu kuingia, au na mbuzi kutoka."

Sultani akawa mwekundu, lakini mdomo wake ulikuwa unataka kucheka, akauzuia kwa mkono. "Haya. Mbona tangu nitoe amri hajatokea hata mtu mmoja kuja kulalamika kwamba dawa haikumfaa?"

"Waliopona wako kazini kwao. Wasiopona wako makaburini, na kule, Bwana, hakuna ruhusa ya kutoka kuja barazani."

Hapo hakucheka mtu. Bi Mize mwenyewe sauti ilimpungua. "Binti wa jirani yangu alishikwa na homa. Kila mwaka humshika, na kila mwaka hupewa dawa akapona. Safari hii alipewa lulu. Tumemzika akiwa na tumbo la thamani kuliko nyumba yao."

Sultani akamgeukia tabibu mkuu. "Ni kweli?"

Tabibu akajibu: "Ni kweli, Bwana. Kabati la dawa za homa limejaa lulu."

Sultani Ghalibu hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu aliyepona, na akadhani kila mwenye maradhi ana tumbo lake. Akashusha pumzi. "Unataka nini, Bi Mize?"

"Ipimwe."

"Ilishapimwa. Aliyeniuzia ameniapia."

"Na muuza maziwa, Bwana, ndiye tumuulize kama ametia maji?"

Yule mfanyabiashara, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasogea karibu zaidi na mlango.

"Ipimwe vipi?"

"Wenye matumbo hawakosekani mjini. Wapigiwe kura. Kura ikiangukia huku, mtu anywe lulu. Ikiangukia kule, anywe uji mwepesi na apumzike. Kisha tabibu atuambie nani wamepona zaidi. Lulu ikishinda, nitaitwanga mimi mwenyewe. Isiposhinda, turudishie dawa zetu."

Sultani akafikiri, akapenda. Akamwachilia Bi Mize, akaamuru mguu wa Mzee Vuai utazamwe na tabibu, na dawa za homa zinunuliwe kuanzia siku ileile bila kungoja kura. Watu wakashukuru. Ndipo Sultani akajishika tumbo taratibu, akainama akanong'ona:

"Bi Mize, jana palikuwa na karamu. Tumbo limeanza tena. Mimi utaniweka upande gani?"

"Utakaoangukiwa na kura, Bwana."

"Nipigiwe kura, mimi? Mimi Sultani! Siwezi kuchanganywa na watu. Nitafutie upande mwingine!"

"Umebaki mmoja tu, Bwana. Wa wale wanaongoja dawa ambayo haipo. Huko ndiko tuliko sisi raia wako wote tangu ulipopona. Karibu, tutajibana."