Bi Pimbi, Kiboko na Magari Mawili ya Mzee Ndovu

Ngano yaja.
—Na ije, tumeshakaa.
Ije na ukweli?
—Ukweli tunao nyumbani. Ije na uongo uliooga.
Uliooga na kupakwa mafuta?
—Na kuchanwa nywele.

Basi tegeni masikio.

Katika bonde la Kilowa, siku zile wanyama walipokuwa na magari na watu hawana, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: ni kama sungura aliyenyimwa masikio, na mkia hana, maana siku ya kugawa mikia alikuwa kazini. Kazi yenyewe ni ukunga. Bonde zima lilipita mikononi mwake. Alimzalisha Swala, akamzalisha mke wa Ngiri, akamzalisha hata mke wa Kiboko, na mtoto aliyetoka alimzidi mkunga uzito mara kumi.

Alikwenda kwa miguu, mkoba mgongoni, tapu-tapu-tapu, mlima na bonde. Lakini miguu ilianza kumkatalia. Msimu ule alichelewa mara mbili. Mara ya kwanza alifika akakuta mtoto ameshazaliwa, ananyonya. Mara ya pili alifika akakuta watu wamekaa kimya nje ya nyumba. Bi Pimbi hakulizungumza jambo hilo na mtu yeyote, ila tangu siku hiyo alikuwa analala amevaa viatu.

Bonde lilikuwa na mwenyekiti, naye ni Kiboko. Mwenyekiti wa nini, waliojua walishakufa. Kazi yake ilikuwa kuidhinisha. Pimbi alipochagua shamba kando ya kijito, Kiboko akaja, akalitazama, akaliidhinisha, shamba likawa la Kiboko. Pimbi alipochagua godoro kwenye mzigo wa msaada, Kiboko akaja, akalitazama, akaliidhinisha, godoro likawa lake. Yeye hakujua mashamba wala magodoro. Alijua jambo moja tu: Pimbi ana akili. Na mwenye nguvu akiwa na jirani mwenye akili, ya nini ajichoshe kufikiri?

Sasa Mzee Ndovu, aliyekuwa mkubwa wa bonde, akazeeka, akaamua kuhamia msituni kwa binti yake. Alikuwa na magari mawili aliyopewa na wageni waliokuja kumwomba mambo. Ni yale magari mafupi yaliyoinuka kidogo, si teksi wala si lori, magari ya mtu wa mjini anayetaka aonekane yuko njiani kwenda shamba. Ndovu hakuwahi kuyapanda. Siku moja aliingiza mguu mmoja, akautoa, akashukuru. Alipokuwa anaondoka aliagiza gari moja apewe mkunga kwa kazi yake, na jingine apewe mwenyekiti, maana asipopewa moja atachukua yote mawili. Wachague wenyewe, kwa amani.

Gari la kwanza liliitwa Jembe. Rangi yake ilikuwa ya vumbi, kwa hiyo vumbi halikulidhuru. La pili liliitwa Almasi, jeusi, linang'aa, ng'aa-ng'aa-ng'aa, hata Kanga alipopita kando yake alisimama akajisalimia.

Kiboko alifika, akayatazama yote mawili, akatikisa kichwa kama mjuzi. Akamwambia Bi Pimbi achague bila haraka, yeye ataidhinisha. Bi Pimbi akaomba siku tatu.

Siku ya kwanza alikwenda na Fundi Ngiri, ambaye hata akila hupiga magoti, kwa hiyo kazi ya chini ya magari haikumsumbua. Wakaingia chini ya Jembe, wakatoka. Wakaingia chini ya Almasi, wakatoka. Ngiri akafuta pua, akasema haya ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Injini ile ile, mifupa ile ile. Tofauti iko kwenye mavazi. Almasi limevaa matairi membamba kama chapati, tumbo lake limeshuka vidole vinne chini ya tumbo la Jembe, na viti vyake ni vya ngozi. Bi Pimbi akauliza ni ngozi ya nani. Ngiri akasema hilo fundi haulizi. Nyati alikuwa ameshachungulia dirishani mara moja, akaenda zake, na hakuonekana tena upande ule.

Siku ya pili Bi Pimbi aliulizia vipuri. Vya Jembe vilikuwepo dukani kwa Kanga, chujio la oili limewekwa kati ya chumvi na viberiti. Alipouliza vya Almasi, Ngiri aliinua kichwa akatazama upande wa bahari, akakaa hivyo muda mrefu.

Siku ya tatu Bi Pimbi aliingia ndani ya Almasi peke yake, akafunga mlango. Po. Mlango wenyewe ulifungwa kwa adabu. Akabonyeza kitufe, kiti kikaanza kumpasha joto mgongoni, taratibu, kama mkono wa marehemu mama yake. Miguu ikasahau kuuma. Msimdhanie Bi Pimbi kuwa ni jiwe kwa sababu anaishi kwenye mawe. Alilitaka gari lile. Alilitaka sana, akafumba macho. Kisha akakumbuka kivuko cha mto Kilowa, mawe yake yalivyosimama, na mvua za masika zilizokuwa njiani. Akakumbuka watu waliokaa kimya nje ya nyumba. Akafumbua macho, akashuka, akaketi juu ya jabali lake kumsubiri mwenyekiti.

Mpo?
—Tupo.
Hajalala mtu?
—Aliyelala tumemkanyaga.

Kiboko akaja na watu wa kushuhudia. Bi Pimbi akamwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti," naye akaitikia, "Marahaba, Mkunga. Umechagua?"

"Nimechagua, Mwenyekiti. Naomba nipewe Almasi."

Kiboko akafungua mdomo aidhinishe. Kisha akaufunga. Alikuwa mroho lakini hakuwa mtoto, na alikwisha kusikia kwamba wadogo huomba wasichokitaka. Akauliza Jembe lina kasoro gani.

Hapa ndipo mtakapoona ujanja wa Bi Pimbi, maana hakusema uongo hata mmoja.

"Jembe halina kasoro," alisema. "Kila fundi analijua. Vipuri vyake vinauzwa kwa Kanga, karibu na chumvi. Likiharibika asubuhi, mchana limepona. Ukilipaki sokoni, utalikuta lingine kama hilo kushoto na lingine kulia."

"Na Almasi?"

"Almasi bonde zima liko moja. Fundi hajawahi kulifungua. Kanga hana hata msumari wake. Kitu chochote chake lazima kiagizwe ng'ambo ya bahari, kije kwa meli."

Kiboko akatafakari. Kutafakari kulimtoa jasho. "Kwa hiyo Jembe ni la kila mtu," akasema.

"La kila mtu, Mwenyekiti."

"Na Almasi ni la mtu mmoja."

"Mmoja tu. Na barabara yetu ilivyo, mwenye Almasi hatakwenda mbali wala hatatumwa na mtu. Atakaa tu ndani, atazamwe. Ndiyo maana nimeliomba. Nimechoka."

Kiboko akamtazama yule mkunga mdogo mwenye viatu vilivyoisha visigino, anayetaka kukaa tu ndani atazamwe, akaona bonde limeharibika adabu. Akaidhinisha Almasi papo hapo, likawa lake. Bi Pimbi akainamisha kichwa. Watu walidhani analia, na kwa kweli machozi mawili yalimtoka, maana kile kiti kilikuwa kizuri.

Kuanzia siku hiyo Jembe likawa linakwenda. Gudu-gudu-gudu kwa Swala, gudu-gudu-gudu kwa Digidigi, gudu-gudu-gudu juu ya mlima ambako hata mbuzi hupumzika katikati. Katika mwezi ule Bi Pimbi hakuchelewa hata mara moja. Lakini kila aliyekuwa njiani aliinua mkono, na Bi Pimbi hakuweza kumpita mtu, kwa hiyo alizalisha wajawazito na kusafirisha magunia ya mihogo, na harusi mbili, na kitanda.

Almasi nalo lilikwenda, siku tatu. Siku ya nne Kiboko alilipeleka kivukoni ili ng'ambo wamwone. Tumbo la gari likakutana na jiwe. Kwaa. Taa nyekundu ikawaka, taa ya manjano ikawaka, taa ya bluu ambayo haimo hata kwenye kitabu ikawaka, gari likazima ukingoni mwa mto, matairi ya mbele yakiwa majini. Ngiri aliitwa. Akapiga magoti, akainuka, akasema kipuri kitakuja kwa meli. Kiboko akauliza meli iko wapi. Ngiri akasema hilo nalo fundi haulizi.

Basi Kiboko akawa anashinda ndani. Aliyepita akimwuliza, alijibu kwamba anapumzika. Viti viliendelea kumpasha joto, na watu waliendelea kumwamkia. Wiki ikapita, wiki ikapita.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Nungunungu dume alifika kwenye jabali la Bi Pimbi, miiba yote imemsimama, hawezi kumaliza sentensi. Mkewe alikuwa ng'ambo ya mto, uchungu umemshika tangu jana, na mtoto alikuwa ametanguliza mguu. Kumzalisha Nungunungu si kazi ya kila mkunga. Inataka mikono midogo, na moyo usiojali kuchomwa. Bi Pimbi akachukua mkoba. Nungunungu akapanda kiti cha nyuma, kitambaa kikatoboka matundu arobaini. Gudu-gudu-gudu hadi kivukoni.

Maji yalikuwa yanapanda. Bado gari lingeweza kupita, ila si kwa muda mrefu. Na katikati ya njia, mbele ya Jembe, alikuwa amesimama Kiboko. Alikuwa amelisikia kwa mbali, akashuka Almasi bila hata kufunga mlango.

"Mkunga," akasema, "nimeamua kuidhinisha na hilo."

Nungunungu huko nyuma akaanza kulia. Bi Pimbi akayatazama maji, akamtazama Kiboko, akakadiria: kumpita haiwezekani, kumsukuma haiwezekani, kumwomba kulishajaribiwa na bonde zima. Mikono ilibaki imetulia kwenye usukani. Ilikuwa imezoea.

Ndipo aliposikia: tii, tii, tii. Almasi, mlango wazi, lilikuwa linapiga kelele ukingoni. Tii, tii, tii.

Bi Pimbi akazima injini ili sauti ile isikike vizuri. "Mwenyekiti," akasema kwa upole, "Almasi linalia."

Kiboko akageuza shingo. "Linalia nini?"

"Limeachwa. Mwenyewe ameshuka, ameliacha wazi. Hili Jembe nimeliacha wazi mara ngapi, hata siku moja halijanililia. Halijali. Hata wewe ukilipanda, halitakujua."

"Likiachwa litanyamaza lini?"

"Halinyamazi, Mwenyekiti, mpaka mtu arudi afunge mlango. Na aliyefunga mlango akiwa ndani, ndiye atakayeonekana mwenyewe."

Ng'ambo, nyumbu waliokuwa wanakunywa maji waliinua vichwa kutazama gari linalolia. Mmoja akapiga hatua kulielekea. Tii, tii, tii. Kiboko alilitazama Jembe na matundu yake arobaini. Akamtazama nyumbu. Kisha akageuka, akaenda mbio, gubu-gubu-gubu, akaingia ndani ya Almasi, akavuta mlango.

Po. Kimya.

Kiboko akakaa na kile kimya. Katika maisha yake yote hajapata kuona mtu akinyamaza kulia kwa sababu yeye amefika. Kwa kawaida ilikuwa kinyume. Akaweka mkono juu ya usukani na kuapa, kwa sauti ndogo, kwamba hataliacha tena.

Jembe likaingia majini. Gudu-gudu. Maji yakafika kwenye milango, yakaingia, yakalowesha viatu. Gudu. Injini ikakohoa, Bi Pimbi akaisemesha kama anavyowasemesha akina mama: polepole, bado kidogo, usisukume sasa, haya sukuma. Gudu-gudu-gudu, wakatokea ng'ambo.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, mguu kwanza, kisha mwili, kisha kichwa, kisha sauti. Miiba yake ilikuwa laini kama nyasi changa. Bi Pimbi alichomwa mara kumi na saba, si na mtoto, na mama. Alitoka nje na mikono inayovuja damu, akawakuta watu wamekaa kimya, akawaambia wanaweza kupiga kelele. Wakapiga vigelegele. Yeye akaketi kwenye ngazi ya Jembe, akavua viatu, na alasiri ile akalala bila viatu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Na mto? Mto ukajaa. Maji yakafika kwenye magurudumu ya nyuma ya Almasi, yakafika kwenye viti, yakafika kwenye kidevu cha mwenyekiti. Watu walimwita kutoka ukingoni ashuke. Akajibu kwamba anapumzika. Na hata leo ukipita mtoni, ukaona macho mawili na pua na masikio madogo juu ya maji, wala kingine chochote hakionekani, hilo si jiwe. Ni Kiboko, amekaa kwenye gari lake. Na ukimwona amepanua mdomo wote mpaka meno ya mwisho, usidhani anapiga miayo. Anaiuliza meli imefika wapi.

Fundisho la ngano hii ni hili: mwanangu, ukijaliwa uwezo, chukua gari la kifahari. Mtazame mwenye Jembe. Mpaka leo hana raha. Anatumwa, anasimamishwa, anabebeshwa magunia, na viti vyake ni matundu. Mwenye Almasi amestarehe, hajaombwa lifti hata siku moja, na gari lake halijapata vumbi.

Ngano yangu imefika kivukoni. Aliyelowa aanike, aliyekauka amsaidie.
—Na msimuliaji?
Msimuliaji anaomba lifti.